Mabinti wa Garissa na Habari ya Vipingo



Ndugu wasomaji, anayepanda basi Mombasa kwenda Garissa kwa njia ya pwani hupita Mtwapa, kisha mashamba ya katani ya Vipingo, kisha Kilifi na Malindi, akaingia Garsen na kuufuata Mto Tana kupitia Hola hata afike. Wengi miongoni mwenu mnaijua njia hiyo kwa vumbi lake na kwa vizuizi vya askari, na mnajua jinsi mtoto anavyolala mapajani Malindi akaamka hajui yuko wapi. Lakini si wengi wanaogeuza uso kushoto basi linapopita Vipingo, na hata wakigeuza hawaoni kitu ila katani na mibuyu. Nyuma ya katani hiyo, juu ya mwinuko unaoitazama bahari, upo uwanja wa gofu uliopewa jina la mbuyu, na katika uwanja huo mabinti wa mataifa mengi wamekuwa wakija kushindana.

Wiki hii tumependa kuzungumza juu ya mabinti zetu na michezo, hasa mabinti wa Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla. Tunaanzia Vipingo kwa makusudi. Barabara ni hiyo hiyo moja, na mwisho wake mmoja binti wa miaka ishirini aliandika jina lake katika vitabu vya mchezo, na mwisho wa pili binti wa miaka kumi na mitatu anaambiwa na watu wanaompenda kwamba siku zake za kukimbia zimekwisha.

Kwa wasioujua mchezo huu, tueleze kwa maneno machache. Gofu ni hesabu ya kupunguza. Uwanja una mashimo kumi na nane, na kila shimo limewekewa idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia mpaka mpira uingie. Jumla ya uwanja kamili kwa kawaida ni mikwaju 72. Mshindi ni aliyepiga mara chache kuliko wenziwe, na mashindano makubwa huchukua siku nne. Hakuna anayemkimbilia mwenzake wala kumgusa. Mtu hutembea, husimama, huupima upepo, hupiga, kisha hutembea tena.

Desemba 2019 mashindano ya wanawake ya Kenya yalichezwa Vipingo kwa mara ya kwanza, nayo ndiyo yaliyofunga msimu wa wanawake wa Ulaya wanaocheza kwa malipo. Miongoni mwa waliokuja alikuwamo Esther Henseleit, Mjerumani aliyezaliwa Januari 1999. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika daraja hiyo, na alikuwa hajashinda shindano hata moja humo, ingawa mara kadhaa alikuwa amekaribia. Siku ya mwisho aliianza akiwa nyuma kwa mikwaju kadhaa. Akaimaliza kwa mikwaju 64, minane chini ya kiwango, na jumla ya siku nne ikawa 274. Alimshinda kwa mkwaju mmoja tu Aditi Ashok wa India. Kwa alasiri ile moja akapata vitu vitatu kwa pamoja: kombe lake la kwanza katika mashindano ya Ulaya, nafasi ya kwanza katika orodha ya ubora wa mwaka mzima, na tuzo ya mgeni bora wa mwaka. Waliofanikiwa kuunganisha hayo mawili ya mwisho katika msimu mmoja ni wa kuhesabiwa kwa vidole.

Ugonjwa wa korona ukayasimamisha mashindano ya Vipingo miaka miwili. Yaliporudi mwanzoni mwa 2022, Henseleit akarudi nayo na akashinda tena. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024 alipata medali ya fedha, nyuma ya Lydia Ko wa New Zealand. Ko huyo ndiye aliyeshinda mashindano ya Evian, Ufaransa, mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 18, akawa mwanamke mdogo kuliko wote kupata kutwaa mojawapo ya mataji makuu ya gofu, naye siku ya mwisho alipiga 63. Mwaka 2024 taji la Vipingo lilichukuliwa na Shannon Tan wa Singapore, wa miaka 19, na hakuna binti wa nchi yake aliyewahi kushinda katika mashindano hayo ya Ulaya kabla yake. Kwa hiyo tunapowaambia kwamba uwanja ulio kando ya barabara yetu umekuwa mahali ambapo wasichana wadogo huanza mambo makubwa, hatuongezi chumvi.

Lakini anayetupendeza zaidi katika habari hii ni yule aliyeshindwa kwa mkwaju mmoja.

Aditi Ashok ni mzaliwa wa Bengaluru, India, mwaka 1998. Wazazi wake hawakuwa watu wa gofu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka mitano hivi, familia ilikuwa ikila mahali panapotazamana na uwanja wa gofu wa mji wao, wakavutiwa na yale waliyoyaona, wakaingia kujaribu. Baba, mama na mtoto wakaanza kujifunza pamoja, wote watatu wakiwa hawajui kitu. Mtoto akawapita. Hapo ndipo wazazi wengi wangemkabidhi kwa mwalimu na kurudi katika shughuli zao. Wazazi hawa wakabaki naye. Alipokwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akiwa na miaka 18, aliyembebea mfuko wa fimbo alikuwa baba yake. Alipokwenda ile ya Tokyo, iliyochezwa Agosti 2021, aliyeubeba mfuko alikuwa mama yake. Katika joto kali la Tokyo, siku nne mfululizo, mama yule alitembea shimo baada ya shimo na mzigo begani, akimpa binti yake maji, akimpa fimbo, akinyamaza panapotakiwa kunyamaza. Binti akamaliza wa nne. Alikosa medali ya shaba kwa mkwaju mmoja.

Mkwaju mmoja Vipingo, mkwaju mmoja Tokyo. Mwanzoni mwa 2023 akarudi Vipingo, na safari hii akashinda kwa tofauti ya mikwaju tisa.

Tunawaomba kina mama mnaotusoma mtulie kidogo juu ya picha hiyo ya mama na mfuko. Sisi katika desturi zetu tunamsindikiza binti kwa mengi: tunamsindikiza chuoni, hospitali, harusini, na akijifungua tunakaa naye siku arubaini. Katika michezo hatumsindikizi. Ama tunamkataza, ama tunamwacha aende peke yake na mwalimu tusiyemjua jina, kisha tunalalamika kwamba mazingira ya huko hayakuwa ya stara. Mzazi akiwapo, nusu ya yale tunayoyaogopa hayapati nafasi ya kutokea.

Watatwambia baadhi ya wasomaji kwamba hao ni watu wa India na Ujerumani, na mambo yao si yetu. Basi tuseme juu ya Ines Laklalech, binti wa Casablanca, Morocco. Septemba 2022 alishinda mashindano ya wazi ya wanawake ya Ufaransa, yaliyochezwa Deauville, baada ya kulingana na mpinzani wake na kulazimika kucheza shimo la ziada. Akawa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu, na wa kwanza kutoka Afrika Kaskazini, kushinda katika mashindano ya Ulaya. Kabla yake alikuwapo Maha Haddioui, wa Morocco vilevile, aliyemtangulia katika daraja hiyo na aliyecheza Olimpiki ya Rio na ya Tokyo. Mabinti wa nchi za Kiislamu wamo, na walioanza hawakuwa wengi, lakini mmoja humfungulia mwenziwe.

Na mavazi je? Hapa gofu ina jambo la kuwafurahisha wazazi wetu. Kitabu cha sheria za mchezo huu hakisemi neno juu ya kufunika au kutofunika kichwa, wala hakimlazimishi mwanamke kuvaa kifupi. Kila uwanja una adabu zake za mavazi, lakini suruali ndefu na mikono mirefu ni vazi la kawaida la mchezo. Michezo mingine ilichelewa. Katika kandanda, timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mwaka 2011, katika kutafuta nafasi ya Olimpiki, kwa sababu ya vitambaa vya kichwani, na mabinti wale wakatoka uwanjani wakilia. Ruhusa kamili ikaja 2014. Mpira wa vikapu ulingoja mpaka 2017. Mabinti wa miaka yote ya katikati walichaguzwa baina ya dini na mpira, na walio wengi walichagua dini wakarudi nyumbani. Hatuwalaumu. Lawama ni ya walioandika kanuni bila ya kuwauliza.

Sasa tupande basi, twende Garissa.

Mashindano ya Vipingo yalimalizika Desemba 2019. Januari 2020, haukupita mwezi mzima na siku chache, shule ya msingi ya Kamuthe katika kaunti ya Garissa ilivamiwa usiku na walimu watatu wakauawa, Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao. Baada ya hapo tume ya waajiri wa walimu iliwaondoa walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule zikabaki na mwalimu mmoja kwa madarasa mengi, na nyingine zikafungwa kwa muda. Miaka mitano nyuma yake, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, alfajiri wakiwa mabwenini na wengine katika sala zao za Kikristo. Ni chuo kilichoanzishwa mwaka 2011 mahali palipokuwa chuo cha ualimu. Walimu walifundishwa pale pale.

Twayataja haya, si kuwahuzunisha, ila kwa sababu anayesema juu ya michezo ya mabinti wa Garissa bila ya kuyataja atakuwa anasema juu ya mji mwingine. Shule isiyokuwa na mwalimu wa hesabu haina mwalimu wa michezo. Kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kufutwa, na kinapofutwa wavulana hutoka wakacheza barabarani na kwenye viwanja vya vumbi hata magharibi. Msichana hana barabara ya kuchezea. Ukimfungia kiwanja cha shule umemfungia vyote, na kuanzia hapo anahesabiwa kuwa ni mtu wa ndani, mtu wa maji na jiko na wadogo zake, na kwa baadhi ya nyumba ni mtu wa kuposwa. Tumeona mara nyingi kwamba siku ambayo binti anaambiwa amekuwa mkubwa hawezi kucheza haipitani sana na siku ambayo anaambiwa amekuwa mkubwa hawezi kusoma.

Hilo ndilo linalotutia hima. Hatumtafutii binti wa Garissa kombe. Tunamtafutia saa moja ya alasiri, mara tatu kwa wiki, ya kukimbia na wenziwe katika ua wa shule, ili awe na sababu moja zaidi ya kwenda shuleni kesho yake.

Wala si jambo la kuanza leo. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, ambazo zimo ndani ya kaunti hiyo ya Garissa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mabinti wa Kisomali walikuwa wakicheza voliboli na mavazi yao ya kila siku. Vazi linaburuta, linakanyagwa, mtungo unavutika, na mchezaji anapiga mpira kwa mkono mmoja na kwa mwingine anashikilia nguo. Wengine waliacha kwa ajili hiyo tu. Mnamo 2006 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, pamoja na kampuni ya Nike, likaleta wabunifu wa mavazi kambini. Wabunifu hao walifanya jambo ambalo wakubwa wa kandanda hawakulifanya: waliwauliza mabinti wenyewe. Ikatoka sare inayofunika mwili na kichwa, nyepesi kwa joto la kule, na isiyomwangusha mtu akiruka. Ni jambo dogo, kitambaa na uzi. Katika kila mtaa wa Garissa, na wa Mombasa pia, kuna fundi cherehani wa kike awezaye kushona sare kama hiyo kwa jioni chache, na sisi tunaona kazi hiyo ingewafaa zaidi kina mama wa mtaa kuliko kungoja kampuni kutoka ng'ambo.

Jirani wa Kaskazini Mashariki, huko Marsabit, mwanasheria Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika lake mwaka 2003 na akautumia mpira wa miguu kuwakutanisha vijana wa makabila yaliyokuwa yakiuana kwa bunduki. Alianza na wavulana. Alipowageukia wasichana alikutana na maswali yale yale tunayoyasikia sisi, ya nguo na ya macho ya watu na ya wazee wasioridhika, na akaingia katika maswali hayo moja moja, nguo ndefu zikatafutwa, wazee wakaketiwa nao, na mpira ukawa mlango wa kuzungumza juu ya ndoa za watoto na ukeketaji. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya amani ya mji wa Stuttgart. Alikuwa Mwislamu wa Marsabit akiwatumikia watu wa Marsabit, na hakuhitaji kuwaacha.

Tunajua wapo wenye shaka, na shaka zao tunaziheshimu kwa sababu baadhi yake ni za haki. Mchezo wa siku hizi umezungukwa na kamari. Makampuni ya bahati nasibu yamezifadhili ligi za nchi hii na kuandika majina yao vifuani mwa wachezaji, na mzazi anayekataa binti yake abebe tangazo la haramu ana hoja. Gofu nayo ina jumba la klabu lenye pombe, na wachezaji wengi wana desturi ya kuwekeana fedha juu ya mchezo wenyewe. Safari za mashindano humtoa binti kwao bila ya jamaa wa kuandamana naye. Haya yote ni kweli. Lakini tazameni vizuri: hakuna hata moja katika hayo lililomo ndani ya ua wa shule ya wasichana saa kumi alasiri, mwalimu akiwa mwanamke na mlango umefungwa. Tusimhukumu mtoto wa darasa la saba kwa makosa ya ligi ya watu wazima.

Na kwa anayedhani kwamba kukimbia kwa mwanamke ni bidaa iliyoletwa na televisheni, imesimuliwa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, wakiwa safarini, akamshinda. Baada ya muda, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena, na mara hiyo akashindwa. Masheikh wetu wameisoma habari hii miaka yote darsani, mara nyingi kama habari ya mapenzi ya mume na mke. Ni hivyo, na pia ni habari ya mwanamke aliyekuwa na mbio.

Sasa, je, tunawataka watu wa Garissa wajenge uwanja wa gofu? La. Nyasi za gofu hunywa maji kama msafara wa ngamia uliokuja kisimani baada ya siku nyingi, na katika nchi ambamo mama huamka alfajiri kupanga madumu, kumwagia nyasi maji ya Tana ili watu wachache wapige mpira ingekuwa jambo la aibu. Wajir walipata kuwa na kitu cha namna hiyo cha kuchekesha, klabu ya maofisa wa kikoloni iliyoitwa klabu ya mashua, katikati ya jangwa, pasipo na maji hata ya kuogeshea bata. Mzaha ule ulikuwa wa watu waliojua kwamba wataondoka. Wenyeji hawana haja nao.

Lakini kuna jambo la gofu ambalo halihitaji nyasi. Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuingia katika gofu ya kulipwa, ametumia miaka yake ya baadaye kuwafundisha watoto wa Nairobi, na miongoni mwao wamo ambao jamaa zao wasingeweza kununua hata fimbo moja. Alichokipata mwenyewe alikirudisha kwa watoto, na hicho ndicho tunachokikosa Garissa kuliko uwanja na kuliko fimbo. Skuli ya wasichana ya North Eastern, pale mjini Garissa, imetoa wanawake ambao leo ni walimu, wauguzi, wanasheria na maofisa wa serikali. Wapo wanaoishi Mombasa na Nairobi wakituma fedha nyumbani kila mwezi, Mwenyezi Mungu awalipe. Tungewaomba wachache wao, wale waliopata kucheza voliboli au mpira wa mikono walipokuwa wanafunzi, warudi likizo moja na kushika filimbi. Mwalimu mwanamke, mwenyeji, ajuaye lugha ya watoto na anayesalimiana na mama zao sokoni, hataondolewa na tume kwa kuwa si wa hapo. Mabinti wanaosoma sasa katika chuo cha ualimu cha Garissa ndio hao hao, na kipindi cha michezo ni sehemu ya kazi wanayosomea.

Kwa wazazi mnaotaka kuanza na mlicho nacho, mambo ni machache. Ulizeni shule ya binti yenu kama kipindi cha michezo kipo katika ratiba, na kama kipo ulizeni kama kinafanywa. Muulizeni mwalimu mkuu nani anayesimamia wasichana. Kama ni mwanamume peke yake, mama wawili wajitolee kukaa uwanjani kwa zamu, na uchungu mwingi wa jambo hili utaondoka hapo hapo. Ua ukiwa wazi, turubai na miti vinatosha kuuziba. Saa zipangwe mbali na sala na mbali na jua kali, na katika mwezi wa Ramadhani mazoezi yasimame au yawe mepesi baada ya tarawehe kwa wanaoweza. Nguo mtazishona. Mpira mmoja mnaweza kuununua watu kumi kwa kuchangiana, kama mnavyochangiana katika arusi za watu, na kwa fedha ndogo kuliko hiyo.

Baba, usiseme ni habari ya kina mama. Ashok aliyeubeba mfuko wa binti yake kule Rio alikuwa mwanamume.

Walimu wa kike wa Garissa, Wajir na Mandera wanaotusoma, na wale wa pwani wenye jamaa huko, tunaomba mtuandikie: shuleni kwenu wasichana wanacheza nini, saa ngapi, wakiwa wamevaa nini, na nani anawasimamia. Tutazichapa barua zenu katika safu hii bila ya kutaja majina ya watoto. Wiki ijayo, inshaallah, tutarudi katika ile habari ya mirathi ambayo wasomaji wa Lamu walituuliza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.